Streptokokosi ya Sato: Ugonjwa Unaoshindwa Bwawa Likiwa Tupu

Kabla hujamwaga chakula cha asubuhi, simama kando ya kizimba au bwawa lako uwatazame samaki kwa dakika chache. Sato mzima hukukimbilia, kwa kuwa amezoea kwamba ukifika umeleta chakula. Mgonjwa hujitenga. Hukaa karibu na uso wa maji au hujibanza pembeni mwa wavu, rangi yake imekoza weusi kuliko ya wenzake, na ukimshtua huzungukazunguka bila mwelekeo, mara ubavu, mara tumbo juu. Mkamate umkague. Jicho moja au yote mawili yametokeza nje, au yameingia ukungu mweupe. Kwenye mashina ya mapezi na vifuniko vya mashavu kuna alama za damu iliyovilia. Tumbo limejaa maji, na wengine mwili umepinda, haunyooki tena.

Dalili hizo zikija pamoja, zichukulie kuwa ni streptokokosi mpaka maabara ikuambie vingine. Unasababishwa hasa na bakteria wawili: Streptococcus agalactiae, ambaye ndiye anayewasumbua zaidi wafugaji wa sato, na ndugu yake Streptococcus iniae. Ugonjwa huu umewatia hasara wafugaji wa China, Thailand na Brazili. Afrika umethibitishwa katika Ziwa Volta, Ghana, na Ziwa Kariba, Zambia. Huko Ghana, vipimo vya vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2018 vilionyesha kwamba bakteria wa vizimbani wana undugu wa karibu na wale waliopatikana kwa samaki wa Asia, na dhana nzito ni kwamba waliingia pamoja na samaki hai kutoka nje. Kwa mfugaji wa Mwanza, Kisumu, Siaya au Jinja habari hizo si za mbali. Samaki ni yuleyule, vizimba ni vilevile, na maji ya ziwa yanapita kwa jirani kabla ya kufika kwako.

Nitaeleza cha kufanya siku ya kwanza na namna ya kutumia dawa, lakini ni vizuri ujue mapema ninakokupeleka. Dawa hupunguza vifo tu. Ugonjwa wenyewe unatokomezwa baada ya mavuno, wakati bwawa au kizimba hakina samaki hata mmoja, na wafugaji wengi huupoteza wakati huo kwa haraka ya kupandikiza upya.

Hakikisha kwanza ni huo

Vifo vingi si lazima viwe maradhi. Mwishoni mwa 2022, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, samaki wengi walikufa vizimbani kwa muda mfupi, na watafiti wakaeleza kuwa chanzo kilikuwa maji ya chini yenye oksijeni kidogo kupanda juu. Kifo cha namna hiyo hakichagui. Wakubwa kwa wadogo hufa pamoja, mara nyingi usiku au alfajiri, vinywa wazi, na walionusurika huonekana wakihema juu ya maji. Streptokokosi huenda tofauti. Leo wamekufa 5, kesho 9, keshokutwa 20, na wanaokufa zaidi ni wale wakubwa, kuanzia gramu 100 hadi wanaokaribia kuuzwa. Hapo ndipo unapouma zaidi, maana samaki hao wameshakula sehemu kubwa ya fedha zako za chakula.

Kwa hiyo weka daftari. Andika kila siku idadi ya waliokufa kwa kila kizimba, joto la maji, kiasi cha chakula na oksijeni kama una kipimo chake. Mimi huona vifo vikiongezeka siku tatu mfululizo, hata kama idadi bado ni ndogo, ni sababu tosha ya kumwita afisa uvuvi au daktari wa mifugo. Bila daftari, siku ya tatu utaikumbuka kama siku ya kawaida.

Kuna jambo lingine linalofanya maabara iwe ya lazima. Mwishoni mwa 2018, Ziwa Volta lilipata pigo la pili, safari hii virusi vinavyojulikana kwa kifupi ISKNV, na samaki waliangamia vizimbani kwa wingi. Mfugaji aliyezoea kuona vifo na kukimbilia antibiotiki hapo alikuwa anamwaga fedha majini, maana antibiotiki haiui virusi. Macho hayatoshi kutofautisha.

Sampuli nzuri ni samaki aliye hai lakini mgonjwa. Anayeelea amekufa tangu jana amekwisha kuvamiwa na bakteria wa uozo, na jibu lake litakupotosha. Chagua watano hadi kumi wenye dalili, na wawili au watatu wanaoonekana wazima. Ukiweza, wafikishe wakiwa hai ndani ya maji yenye hewa. Usipoweza, waweke kwenye mifuko safi ya plastiki, juu ya barafu ndani ya sanduku la kutunza baridi, wafike ndani ya saa 24. Usiwagandishe. Mweleze mtaalamu achukue ubongo na figo, kwa sababu bakteria hawa hupenya kwenye damu na kufika hadi kwenye ubongo; kuzungukazunguka kule kunatokana na uvimbe wa utando wa ubongo. Waombe pia wapime ni dawa ipi inayowaua bakteria hao. Kwa upande wa Tanzania anzia kwa afisa uvuvi wa wilaya, Chuo Kikuu cha Sokoine au taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI. Taasisi kama hiyo Kenya ni KMFRI. Uganda ni NaFIRRI pale Jinja.

Siku ya kwanza

Usisubiri majibu ndipo uanze. Acha kulisha, au punguza chakula hadi kidogo sana. Najua inauma kumnyima samaki chakula wakati unataka apate nguvu, lakini wakati wa kula ndipo samaki hubanana na kuchubuana, na ndipo wazima humeza maji na kinyesi vyenye bakteria. Chakula kinachobaki huoza, hula oksijeni na kuongeza amonia. Wafugaji waliopunguza chakula wakati wa mlipuko wameona vifo vikipungua.

Kisha zuia kila kitu kinachohama. Usipange samaki kwa ukubwa, usiwahamishe kwenda kizimba kingine kwa nia ya kupunguza msongamano, usiuze vifaranga, usimwazime jirani wavu. Kumshika samaki mgonjwa ni kumuua, na kumhamisha ni kupeleka ugonjwa mahali ambapo haujafika. Kizimba chenye ugonjwa kihudumiwe mwisho, baada ya vile vizima, kikiwa na ndoo, upawa na wavu wake chenyewe. Kama una wafanyakazi wawili, mmoja ahudumie wagonjwa tu.

Samaki waliofikia ukubwa wa soko na hawana dalili wanaweza kuvunwa mapema, mkishauriana na afisa uvuvi, mradi hawajapewa dawa. Wenye dalili wasiuzwe.

Jikinge wewe pia. Mjini Toronto, Kanada, katika majira ya baridi ya 1995 na 1996, watu walipata maambukizi ya Streptococcus iniae kwenye mikono baada ya kuchomwa na miiba au kujikata wakiandaa samaki wabichi, wengi wao sato. Mwaka 2015 huko Singapore, watu wengi waliugua baada ya kula samaki wabichi wa maji baridi waliobeba aina moja ya Streptococcus agalactiae. Samaki aliyeiva vizuri hana shida hiyo. Vaa glavu, funika vidonda, na ukichomwa mwiba kisha mkono ukavimba na kuwa mwekundu, nenda hospitali na useme wazi kwamba ulishika samaki mgonjwa.

Mizoga

Hapa ningependa utumie nguvu kuliko mahali pengine popote wakati wa mlipuko. Mzoga mmoja uliolala chini ya kizimba humwaga bakteria kwenye maji saa baada ya saa, na sato humdonoa mwenzake aliyekufa, hasa macho na utumbo. Yule anayedonoa leo ndiye utakayemwokota wiki ijayo.

Okota mizoga asubuhi na jioni, kila siku, bila kuruka Jumapili wala sikukuu. Ile inayoelea ni rahisi. Kazi iko kwa iliyozama, nayo inataka wavu uinuliwe taratibu kutoka upande mmoja, au mzamiaji ashuke. Okota na wanaozunguka bila nguvu, maana hawaponi. Hesabu, andika, tia kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mizoga usiitupe ziwani, wala usiwape mbwa, nguruwe au kambare wako. Chimba shimo mahali palipoinuka, mbali na ziwa, kisima na mkondo wa maji ya mvua, shimo ambalo sakafu yake ni kavu. Kila tabaka la samaki linyunyiziwe chokaa, na la mwisho lifunikwe kwa udongo wa kutosha ili mbwa na fisi wasifukue. Ukiwa kwenye vizimba mbali na nchi kavu, mtumbwi unaobeba mizoga usibebe chakula cha samaki siku hiyo hiyo kabla haujaoshwa.

Dawa, na kikomo chake

Streptokoka wako ndani ya damu na ubongo, kwa hiyo kumimina chumvi, pamanganeti au unga wa vidonge vya binadamu ndani ya maji hakuwafikii. Dawa inayowafikia ni antibiotiki iliyochanganywa kwenye chakula, na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu samaki mgonjwa hali. Unachofanya ni kuwakinga wale ambao bado wanakula. Aliyekwisha kuzidiwa hatapona, na usipime dawa kwa kumtazama yeye.

Dawa itoke kwa daktari wa mifugo, baada ya majibu ya maabara, na iwe inayoruhusiwa nchini mwako. Ili ujue hesabu zinavyokwenda, chukua mfano wa fulofenikoli. Nchini Marekani imeidhinishwa dhidi ya Streptococcus iniae kwa samaki wa maji vuguvugu kwa kiwango cha miligramu 15 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, siku 10 mfululizo, na samaki hawavunwi mpaka zipite siku 15 tangu dozi ya mwisho. Ukiwa na samaki 2,000 wenye wastani wa gramu 250, uzito wote ni kilo 500. Unahitaji miligramu 7,500, yaani gramu 7.5 za dawa halisi kwa siku. Zingatia neno halisi: mfuko unaweza kuwa na sehemu ndogo tu ya dawa, iliyobaki ni unga wa kuchanganyia. Wasiopima uzito wa samaki hukosea hapa, wanatoa nusu dozi na kuwafundisha bakteria kuishi na dawa. Chakula chenye dawa kiwe kiasi ambacho samaki watakimaliza haraka, na siku zote 10 zitimie hata kama vifo vimekoma siku ya nne.

Baada ya hapo kutakuwa na utulivu. Wiki kadhaa baadaye, joto likipanda au ukiwashika samaki kwa ajili ya kuwapanga, vifo hurudi, kwa kuwa walionusurika wengi wamebaki wabebaji. Rudia dawa mara mbili, tatu, na utakuwa na bakteria sugu kwenye maji ambayo jirani zako wanayanywa.

Kinachosaidia zaidi katika kipindi hicho ni maji. Oksijeni ibaki juu ya miligramu 5 kwa lita. Ikishuka chini ya 3, sato hupungukiwa kinga. Bwawani kiwango cha chini kabisa huwa alfajiri, kwa hiyo pima saa kumi na moja asubuhi, si saa nne. Joto likivuka nyuzi 28, punguza idadi ya samaki utakaowapandikiza msimu unaofuata, na epuka kuwashika katika wiki za joto kali lenye maji yaliyotulia. Safisha nyavu zilizoziba kwa ukoga ili maji yapite.

Kutokomeza

Mfugaji wa bwawa ana nafasi kubwa kuliko wa kizimba, kwa sababu anaweza kulikausha. Vuna samaki wote. Nasema wote nikimaanisha hata yule aliyebaki kwenye dimbwi dogo karibu na bomba la kutolea maji, maana sato mmoja mbebaji ataurudisha ugonjwa wote. Toa tope jeusi la chini. Acha jua lipige mpaka udongo upasuke. Sehemu zilizobaki na unyevu zimwagie chokaa ya kuchoma, kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba, pamoja na kingo na mitaro. Uliza vizuri dukani: chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa, hurekebisha tindikali ya udongo lakini haiui vijidudu. Chokaa ya kuchoma huua kwa sababu hupandisha pH kupita 10, na kwa sababu hiyo hiyo huunguza macho na ngozi. Vaa glavu, miwani na buti, na mwaga upepo ukiwa mgongoni. Acha wiki mbili. Jaza maji kupitia wavu wa matundu madogo ili samaki wa mtoni wasiingie, na usipandikize kabla pH haijashuka chini ya 9.

Vyombo navyo vina zamu yake. Osha kwanza kwa sabuni na brashi, maana klorini humalizwa nguvu na uchafu. Kisha loweka nyavu, ndoo, mapipa na buti kwa saa moja kwenye maji ya klorini ya miligramu 200 kwa lita. Kwa klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 70 hiyo ni kama gramu 30 kwa lita 100. Suuza, anika juani mpaka vikauke kabisa. Maji hayo yasirudi ziwani.

Kwa kizimba, ziwa halikaushwi. Samaki wa porini wanaozunguka vizimba wakila mabaki ya chakula hubeba bakteria, na hakuna wa kuwaosha. Kwa hiyo lengo lako si kulisafisha ziwa, ni kukata mnyororo shambani mwako. Mnyororo unakatika usipochanganya rika. Shamba lenye samaki wa gramu 20, 150 na 400 kwa wakati mmoja halipati siku hata moja ya kuwa tupu, na wakubwa wagonjwa huwapokea wadogo kila mwezi. Pandikiza kwa pamoja, vuna kwa pamoja, kisha toa nyavu zote na uache eneo lipumzike. Mimi nisingekubali chini ya mwezi mmoja, na ningeongeza kama vizimba viko kwenye ghuba isiyo na mkondo wa maji.

Ukihofia kwamba mapumziko hayo yatakufilisi, tazama Norway. Ugonjwa wa bakteria uitwao furunkulosi, uliorejea huko mwaka 1985 na samoni wachanga kutoka Uskoti, ulienea katika mashamba mengi, na mwaka 1987 wafugaji walitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Walipopata chanjo nzuri ya sindano mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakatenganisha samaki kwa rika na kupumzisha maeneo, matumizi yakashuka hadi karibu tani moja katikati ya muongo huo, huku uzalishaji wao ukipanda.

Kwa sato pia kuna chanjo za Streptococcus agalactiae, zinazochomwa tumboni mmoja mmoja, nazo zimetumika Brazili na Indonesia. Bakteria wana aina mbalimbali, na chanjo ya aina moja haikingi ipasavyo dhidi ya nyingine, ndiyo sababu nyingine ya kutaka maabara ikuandikie aina halisi uliyonayo.

Halafu vifaranga. Hawa ndio mlango, na kifaranga mbebaji huonekana mzima. Wanaozalisha samoni Marekani, katika vita yao na ugonjwa wa figo unaopita ndani ya mayai, hupima mama mmoja mmoja baada ya kumkamua, na mayai ya aliyeambukizwa sana huondolewa. Kituo chako cha vifaranga hakiwezi kufanya hayo yote, lakini una haki ya kukiuliza: wazazi wamepimwa lini, maji yanatoka wapi, kuna vizimba vya samaki wakubwa karibu? Kituo kinachochota maji ziwani bila kuyachuja, mita chache kutoka vizimba vyenye vifo, usinunue kwake hata kikupe bei ya bure. Nunua kutoka kituo kimoja, usichanganye.

Kaa na majirani wa ghuba yako kabla ya msimu. Mkubaliane mwezi wa kuvuna, mwezi wa kupumzisha, shimo moja la mizoga, na kwamba anayeona vifo anawaambia wenzake siku hiyo hiyo. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, yaani BMU, tayari vinawakutanisha wavuvi pwani za Ziwa Victoria. Wafugaji wa vizimba wanaweza kutumia vikao hivyo hivyo. Anayeficha kwa kuogopa wanunuzi atajikuta anaambukizwa tena na jirani aliyemficha.

Mapumziko yakiisha, usijaze mara moja. Weka kizimba kimoja au sehemu ndogo ya bwawa kwa samaki wachache, waache wiki nne hadi sita, joto la msimu likiwapitia. Chukua wachache uwapeleke maabara hata kama wote wanakula vizuri. Majibu yakirudi safi, jaza vilivyobaki. Yakirudi na streptokoka, toa wote na urudie kukausha, kabla hujalipia vifaranga wengine.